UZI: Udongo mweupe tunao, lakini vyombo vyeupe havitoki. Njooni tuongee kuupima, kuuosha na kuuchoma

Mfinyanzi wa Masasi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi. Tangu nilipoweka humu picha za vibakuli vyangu vyeupe, watu wengi wamenifuata pembeni, na karibu wote wanaanza hivi: "Dada, huku kwetu udongo mweupe umejaa, tena tunapaka nyumba. Nianzeje?" Jambo lenyewe nalipenda sana, kwa hiyo badala ya kumjibu mmoja mmoja naliandika lote hapa. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Mimi nafinyanga Masasi. Kazi nimeikuta kwa bibi mzaa mama. Huku kwetu ufinyanzi ni kazi ya akina mama tangu zamani. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliwakuta wanawake wa Newala wakijenga vyungu kwa mikono na akaandika habari zao. Sisi tumezoea chungu cheusi na chekundu. Hiki cheupe nimekitafuta mwenyewe, na kimenigharimu.

Nianze na hasara. Nilipata oda ya vibakuli 40 vya nyumba ya wageni. Nikachimba udongo kwenye ukingo wa barabara upande wa pwani, mweupe kama unga wa muhogo. Nikafinyanga, nikachoma, vikatoka vyeupe vizuri mno. Siku ya nne nikaona kibakuli kimoja kina kidonda: kipande kama punje ya mchele kimeruka, na chini ya kidonda kuna nukta nyeupe. Wiki ya pili karibu vyote vina vidonda, vingine vimepasuka hadi chini. Nikarudisha pesa ya watu.

Ile ilikuwa chokaa ndani ya udongo. Pwani yetu, kutoka Kilwa hadi Msimbati, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na unga wake ni mweupe kuliko udongo wowote. Ukiuchoma kupita nyuzi joto 800 hivi, zile punje zinageuka chokaa hai. Chokaa hai inakunywa unyevu wa hewa, inavimba, inapasua chombo kutokea ndani. Kwa hiyo kabla hujabeba hata kiroba kimoja, dondoshea ndimu au siki kwenye bonge kavu. Likitoa mapovu, achana nalo, hilo ni la kupaka ukuta. Na wenzetu wa Kilwa wawe macho na jasi: nayo ni nyeupe, haitoi mapovu, lakini ukiiona inameta na inakwaruzika kwa ukucha, siyo udongo wa kufinyanga. Jasi ina kazi yake, nitaigusa huko chini.

Udongo tunaoutafuta unaitwa kaolini. Jina limetoka Gaoling, kilima kilicho karibu na Jingdezhen nchini China, mji uliotengeneza vyombo vyeupe kwa karne nyingi. Kaolini inatokana na jiwe. Ndani ya mawe kama matale (graniti) kuna madini yanaitwa feldispa; maji yakipenya humo miaka na miaka, feldispa inaoza na kubaki unga mweupe laini. Ukiukuta unga huo palepale lilipokuwa jiwe mama, una mchanga wa kwatzi na vipande vya ulanga vinavyometameta, na haunati vizuri mkononi. Mvua ikiusomba na kuutuliza bondeni, unafika ukiwa laini zaidi na unanata sana, lakini umechanganyika na majani yaliyooza, kwa hiyo unaonekana wa kijivu au hata mweusi.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunachagua kwa macho.

Bibi hakuwa na habari na rangi ya shimoni. Alikuwa anafinyanga kidonge kama cha ugali, anakikausha, anakifukia kwenye makaa ya jikoni, anakisahau hadi asubuhi. Asubuhi anakitia kwenye kikombe cha maji. Kikiyeyuka, moto haukufika. Kikibaki kigumu, anakivunja na kutazama ndani. Nilikuja kuelewa baadaye sana alichokuwa anafanya: udongo wa aina hii ukipita nyuzi 500 hadi 600 unapoteza maji yaliyo ndani ya madini yenyewe, na baada ya hapo haurudi kuwa tope tena. Kuna bonde bibi alikuwa anachimba udongo wa kijivu unaonuka tope. Nilikuwa naudharau. Siku nilipouchoma peke yake vizuri, ulitoka na rangi ya maziwa. Weusi wote ulikuwa majani, ukaungua ukaondoka. Na ule mweupe niliokuwa nausifia wa upande mwingine ukatoka wa waridi.

Anayeharibu weupe ni chuma. Kikiwa chini ya asilimia 1 hivi, chombo kinatoka cheupe. Kikifika asilimia 5 hadi 8 unapata wekundu wa tofali. Jicho haliwezi kukihesabu chuma kikiwa shimoni. Moto unaweza.

Sasa kuosha, na hapa ndipo kazi ilipo.

Anika udongo hadi ukauke kabisa. Bonge lenye unyevu ukilitia majini linakaa kama lilivyo siku tatu. Bonge kavu linabomoka lenyewe mbele ya macho yako. Loweka kwenye pipa, maji mengi, udongo kidogo. Tumia maji ya mvua ukiweza. Maji ya visima vya pwani yenye chumvi yanaufanya udongo ushikane mabonge madogo, unazama haraka pamoja na uchafu wake, na chombo kikikauka kinaota ukungu wa chumvi juu.

Koroga hadi uwe uji mwepesi kama maziwa, kisha uuache utulie kidogo. Huo muda una hesabu yake. Katika maji, chembe yenye upana wa sehemu 20 za elfu za milimita inashuka sentimita 10 kwa dakika 5 hivi. Chembe ya udongo wenyewe, sehemu 2 za elfu, inahitaji kama saa 8 kwa safari hiyohiyo. Kwa hiyo ndoo ya kina cha sentimita 30 ukiiacha robo saa, mchanga na vumbi la mawe vimeshafika chini, na udongo bado unaelea. Vuta yale maziwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye ndoo ya pili. Usiinamishe ndoo, utauamsha mchanga. Rudia tena. Mimi narudia mara tatu, na kila mara nashangaa uchafu uliobaki chini.

Udongo ukikataa kuelea, tia magadi kidogo sana, gramu 2 au 3 kwa kilo moja ya udongo mkavu. Chembe zinaachana na uji unakuwa mwepesi bila kuongeza maji. Ukimaliza kuchuja, tone la siki linazirudisha kushikana ili zizame.

Ulanga ni msumbufu. Ni vipande bapa, vinaelea pamoja na udongo, na mara nyingi vimebeba chuma. Hivyo pitisha kila kitu kwenye kitambaa cha nailoni chembamba. Halafu mimi nachukua sumaku ya spika mbovu, naifunga kwenye mfuko wa plastiki, naiburuta taratibu ndani ya uji. Inatoka na manyoya meusi. Haiondoi chuma chote, kwa sababu kingine kimejificha ndani ya chembe zenyewe, lakini inapunguza zile nukta za kahawia zinazotokea baada ya kuchoma.

Kukamua: mimina kwenye mfuko wa amerikani, utundike kivulini. Viwandani wana mashine ya kubana kati ya vitambaa, kazi ni ileile. Ukifikia ugumu wa unga wa chapati, ufunge kwenye nailoni na uuache wiki kadhaa. Udongo uliolala unatii mkono.

Nikimaliza hayo sijapata bado chombo cheupe. Kaolini peke yake haishikani vizuri, na kuiyeyusha kunahitaji zaidi ya nyuzi 1,700, moto ambao hakuna mfinyanzi anao. Ndiyo maana vyombo vyeupe duniani ni mchanganyiko. Kaure, yaani ile ngumu inayopitisha mwanga, kwa kawaida ni nusu kaolini, robo feldispa, robo kwatzi, na inachomwa nyuzi 1,250 hadi 1,400. Feldispa ndiyo inayoyeyuka na kuwashika wenzake.

Tanuri langu la matofali linafika 1,100. Feldispa haiyeyuki vya kutosha hapo. Kwa hiyo natumia udongo mweupe uliooshwa sehemu 5, wa kijivu wa bibi sehemu 3, na kioo cheupe kilichosagwa sehemu 2. Wa kijivu unaleta mnato, kioo kinaleta mshikamano. Hata Ulaya, kabla hawajaijua kaolini, walikuwa wakisaga kioo na kukichanganya na udongo mweupe wakijaribu kuiga vyombo vya China. Pale Dresden, Ujerumani, ndipo walipoipata kaure ya kweli, mwaka 1708, na kiwanda kikaanza Meissen mwaka 1710.

Yangu siyo kaure na simdanganyi mteja. Inanyonya maji asilimia 8 (pima kikavu, kiloweke siku nzima, pima tena), wakati kaure hainyonyi hata nusu ya asilimia. Lakini ni nyeupe, ni ya hapa, na ni nzuri.

Karibuni kwa maswali.

Kusi

Dada hongera, uzi mzito. Swali: kwa nini uhangaike na mashimo ya barabarani wakati kaolini ya Pugu inajulikana nchi nzima? Agiza magunia, maliza kazi.

Mfinyanzi wa Masasi

Kusi, ya Pugu ni kweli na ni kubwa, ipo kule Kisarawe. Lakini nayo imo ndani ya mawe ya mchanga, lazima ioshwe kama hivi nilivyoeleza. Na hata ukiipata imeshaoshwa, bado utahitaji udongo unaonata wa kuichanganya. Nauli ya gunia kutoka kule hadi Masasi inakula faida ya vibakuli vyote. Mwenye kiwanda aagize. Mimi nina pipa na kitambaa.

Binti Newala

Shikamoo dada. Mimi bibi yangu bado anafinyanga. Nimemsomea uzi wako, amesikiliza hadi mwisho, akasema: "Hivyo vyeupe vyake akapikie kunde tuone." Anasema yeye anatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo mpya, na bila hivyo chungu hakidumu motoni.

Mfinyanzi wa Masasi

Marahaba mdogo wangu. Mpe bibi shikamoo yangu, na umwambie amesema kweli tupu. Chungu cha kupikia kinataka chenga za vigae ili joto likipanda ghafla, ufa ukianza unakwama kwenye chenga na hauendi mbali. Udongo mweupe ulioshikana kama wangu ukiuweka juu ya mafiga unapasuka siku ya kwanza. Vyangu ni vya kulia, kunywea na kuwekea. Chungu cha bibi hakina mbadala, na naomba umuulize vigae vyake anavitwanga laini kiasi gani. Nipo tayari kuja Newala kumwona.

Kijana wa Mikindani

Mimi nina njia fupi. Udongo wangu ulikuwa wa njano, nikaumwagia dawa ya kung'arishia nguo usiku kucha. Asubuhi umeng'aa kidogo. Ila baada ya kuchoma umekuwa mwekundu kuliko mwanzo. Nini kimetokea?

Mfinyanzi wa Masasi

Mdogo wangu, ile dawa ilikula uchafu wa majani tu. Chuma haikukigusa. Ulipochoma, kutu yote ya njano ikageuka nyekundu, na ndivyo kutu inavyofanya motoni siku zote. Viwandani wanang'arisha kwa kemikali nyingine, sodiamu haidrosalfaiti, inayokibadilisha chuma kiyeyuke kwenye maji yenye asidi, kisha wanakisuuza kitoke kabisa. Tofauti ni kwamba chuma kinaondoka pipani. Sikushauri uijaribu nyumbani, inatoa hewa inayoumiza mapafu. Na tafadhali, ile dawa ya nguo usiichanganye na siki hata siku moja, hewa yake inaua.

Mzee wa Kivinje

Nimesoma kwa furaha. Sisi wa Kilwa tumekulia juu ya vigae vya kaure. Ukitembea Kilwa Kisiwani au Songo Mnara unavikuta mchangani, vingine kijani cha majani machanga, vingine vyeupe vyenye maua ya buluu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, na wakati huo mji ulikuwa unapokea mali kutoka mbali kupitia bahari hii. Ndani ya ule msikiti mdogo wa kuba, walijengea bakuli kwenye dari kama pambo. Yaani watu wetu walikipenda chombo cheupe kiasi cha kukiweka juu, mtu akiinua macho akione.

Ninachotaka kusema kwa vijana: msiviokote vigae vile mkaviuze. Magofu yale ni urithi wa dunia tangu 1981. Kigae kikitolewa pale kilipolala, hakuna tena wa kutuambia nyumba ile ilikuwa ya nani na ilikula nini.

Mfinyanzi wa Masasi

Shikamoo mzee wangu. Nilifika pale nikiwa na mwanangu. Kuna kigae kimoja nilikiinamia bila kukigusa, ukingo wake uliovunjika ulikuwa laini kama kioo, hauna vitundu. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya moto wa nyuzi 1,300. Vile vyombo vilivuka bahari, vikakaa ardhini karne kadhaa, na weupe wake haujapungua.

Wazee wa China, pamoja na kaolini, walitumia jiwe jingine. Walilitwanga kwa nyundo zilizoendeshwa na maji ya mto, wakaliosha kwenye mabirika yaliyopangana, wakalikausha likawa matofali madogo meupe ya kuuzia wafinyanzi. Ni kuosha kulekule, ndoo kwa ndoo.

Mwalimu wa Sayansi

Nyongeza mbili za afya. Vumbi la kwatzi likiingia mapafuni halitoki, linatia makovu na ugonjwa wake hautibiki. Msisage wala msichekeche vikiwa vikavu ndani ya nyumba. Fanyeni kazi udongo ukiwa na maji, sakafu ipigwe deki, isifagiliwe. Pili, nimeona mahali watu wanayeyusha risasi ya betri za gari ili chombo king'ae. Hiyo ni sumu inayotoka kidogo kidogo kwenye chakula chenye ndimu au siki, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Mfinyanzi wa Masasi

Asante sana mwalimu. Kioo changu nakisaga kikiwa na maji, kwenye kinu cha chuma kilichofunikwa kiroba, na baadaye napitisha sumaku kwa sababu kinu nacho kinaacha chuma.

Jiwe la Rondo

Na mifupa je? Nilisikia Waingereza wanaweka mifupa kwenye vikombe.

Mfinyanzi wa Masasi

Ni kweli. Majivu ya mifupa ya ng'ombe karibu nusu nzima, iliyobaki ni kaolini na jiwe lenye feldispa. Ndiyo ile kaure yao nyembamba inayopitisha mwanga. Mifupa inachomwa hadi iwe myeupe kabisa, inasagwa, inaoshwa. Machinjio tunazo, nimejaribu mara mbili. Unga wake hauna mnato, gurudumu linaukataa. Unataka kumiminwa ukiwa uji kwenye umbo la jasi, jasi inanyonya maji na kuacha ganda jembamba. Hapo ndipo jasi ya Makangaga kule Kilwa ingetufaa, ila ikae kwenye umbo tu. Kipande chake kikiingia kwenye udongo, yale yale ya vidonda.

Kusi

Kuni je? Maganda ya korosho yamejaa viwandani, yanawaka kama petroli.

Mfinyanzi wa Masasi

Yanawaka kweli, kwa sababu ya mafuta yake. Lakini mafuta hayohayo yanababua ngozi na moshi wake ni mkali mno, unanata kwenye chombo na kukitia weusi. Kwa cheupe natumia matawi makavu ya mkorosho, yale yanayopogolewa baada ya msimu. Mwisho wa kuchoma naacha hewa iingie kwa wingi kama nusu saa, moshi uishe ndani.

Mkulima Nachingwea

Dada, nimefuata maelekezo yako tangu juzi. Udongo wa shambani kwangu, mweupe. Ndimu: hakuna mapovu. Kidonge nimekifukia kwenye makaa usiku. Asubuhi kwenye maji hakikuyeyuka. Rangi yake ya nje imekuwa ya waridi. Nimekata tamaa?

Mfinyanzi wa Masasi

Hapana ndugu yangu. Umechimba kina gani? Juu, maji ya mvua yanashusha kutu kutoka kwenye udongo mwekundu wa shamba na kuupaka mweupe ulio chini. Shuka mita moja au mbili zaidi, chukua kidonge kila baada ya hatua, uviandike namba. Pia chora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande bapa kabla hujakikausha, uupime tena baada ya kuchoma, ujue kinasinyaa kiasi gani. Ukipata tabaka linalotoka jeupe, tuma sampuli Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, wakupimie chuma kwa hesabu kabla hujaingia gharama. Na ukitaka kuchimba kwa biashara, leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Tume ya Madini.

Hicho ulichonacho kivunje katikati. Moyo wake una rangi gani?

Mkulima Nachingwea

Mweusi.

Mfinyanzi wa Masasi

Basi moto haujamaliza kazi ndani, majani bado yamo na rangi yake hatuijui bado. Kirudishe kwenye makaa leo, ukae nacho muda mrefu zaidi, upepo upite.

Mkulima Nachingwea

Sawa dada. Mke wangu anapika makopa jioni, nitakifukia akimaliza. Kesho asubuhi naweka picha.